Bomba Ni Lipi? Kisa cha Hojaji ya Maji Kisauni

Nilikuwa nimeketi sakafuni katika chumba tulichokodi Kisauni, Mombasa, kiwe ofisi yetu, tableti zimetandazwa mbele yangu zikichajiwa, msimamizi alipotugeuzia kompyuta tuone jedwali la kwanza. Swali lilikuwa juu ya chanzo kikuu cha maji ya kunywa. Jibu lililoongoza, tena kwa mbali, lilikuwa maji ya bomba. Msimamizi alifurahi. Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Mishomoroni, aliisoma safu ile mara mbili, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Bomba lipi?"

Swali lile lilitugharimu wiki tatu za ziada, na ndilo ninalotaka kulisimulia. Kila mwaka wanafunzi huniletea mapendekezo yao ya utafiti niyasome, na wakifika sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, huandika moja kati ya sentensi mbili. Ama wamechagua mkabala wa kitakwimu kwa sababu ni wa kisayansi zaidi, ama wamechagua mkabala wa kimaelezo kwa sababu takwimu hazielezi hisia za watu. Zote mbili zinaniuma, maana nimeona kwa macho yangu takwimu zilizopotoka kwa kukosa maelezo, na maelezo yaliyopotoka kwa kukosa takwimu, katika mtaa mmoja na mwezi mmoja.

Asiyeijua Mombasa hudhani mji uliozungukwa na bahari hauwezi kulia maji. Kumbe maji yake ya mfereji, yale ya kampuni yanayotoka kwenye koki, hutoka mbali: Baricho kwenye Mto Sabaki upande wa Kilifi, chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi, Marere na visima vya Tiwi upande wa Kwale. Yakipungua, watu hurudi kwenye visima vya mitaani. Ardhi yetu ni mwamba wa matumbawe, huhitaji kuchimba sana kuyafikia maji, lakini mara nyingi utakutana na ya chumvi, na choo cha shimo cha jirani hakiko mbali. Hapo ndipo wasukuma mikokoteni wanapopata riziki yao, mitungi ya lita 20 imepangwa safu mbili, mmoja anavuta mbele, mwingine anasukuma nyuma.

Shirika lililotuajiri, ambalo sitalitaja, lilikuwa na swali la haki kabisa: sehemu gani za Kisauni hazijafikiwa na maji ya mfereji, ili lisaidie kuyavuta huko? Swali la aina hiyo ni la kuhesabu. Ukitaka kujua nyumba ngapi zinakosa kitu, na ziko wapi, huwezi kukaa na watu watano ukapiga nao soga, ukatoka na ramani. Kwa hiyo nasema mapema: kuchagua takwimu halikuwa kosa.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 291,930 Kisauni, kaunti ndogo yenye watu wengi kuliko nyingine zote za Mombasa. Huwezi kubisha kila mlango. Unachofanya ni kuteua nyumba kwa bahati nasibu, na idadi yake inatokana na hesabu ambayo kila mwanafunzi wa utafiti hukutana nayo: ukitaka uhakika wa asilimia 95, na ukakubali kukosea kwa asilimia 5 juu au chini, unazidisha 1.96 kwa 1.96, jibu unalizidisha kwa 0.5 mara 0.5, kisha unagawanya kwa 0.05 mara 0.05. Unapata 384 na nukta kidogo. Ndiyo sababu 384 inajitokeza katika tasnifu nyingi, iwe mtu anatafiti Kisauni au Kisumu. Mji ukiwa mkubwa mara tatu zaidi, idadi hiyo haisogei kwa kiasi cha kutaja.

Ila uhakika ule wa asilimia 95 unahusu jambo moja tu, nalo ni bahati ya uteuzi: kwamba labda nyumba ulizoangukia hazifanani na zile ulizoziruka. Hausemi lolote kuhusu swali lenyewe. Ongeza watu wafike 3,840, kosa la bahati litapungua sana, na kosa la swali litabaki palepale lilipo. Hili nilikuwa nimelisoma darasani na kulijibu kwenye mtihani. Kulielewa, nililielewa Kisauni.

Dalili tulizipata siku ya kwanza, tukazipuuza. Hojaji ya asili ilikuwa ya Kiingereza, ikatafsiriwa Kiswahili Nairobi, na swali la ufunguzi lilikuwa "Kaya yako ina watu wangapi?" Hilo ndilo neno la wanatakwimu, nalo halina kasoro kwenye ripoti. Lakini nilimsomea mzee mmoja Mrabai, akaniangalia kidogo, akanijibu kwa adabu: "Kaya yetu iko Rabai, mwanangu, na hakuna anayekaa humo sasa." Alikuwa sahihi kuliko hojaji. Kwa Wamijikenda, na Warabai ni miongoni mwao, kaya ni msitu mtakatifu walimoishi wazee wao, misitu ileile ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Jioni tulisimuliana kisa hicho tukacheka. Kesho yake kila mmoja wetu akaanza kuligeuza swali kivyake. Mimi nikauliza "wanaokula chungu kimoja", mwenzangu "mnaolala hapa", mwingine "familia yako". Hayo ni maswali matatu tofauti. Katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, wapangaji kila chumba na jiko lake la makaa ukumbini, wanaokula chungu kimoja wanaweza kuwa wanne na wanaolala chini ya bati moja ishirini. Nguvu ya hojaji ni kwamba kila mtu anaulizwa jambo lilelile kwa maneno yaleyale. Tulikuwa tumeivunja nguvu hiyo kwa nia njema, na hatukumwambia msimamizi.

Basi jedwali likatoka, bomba likaongoza, na mwenzetu akauliza bomba lipi.

Ninamsifu msimamizi wetu kwa alichofanya baadaye, maana wengi wangeituma ripoti. Alituambia turudi, kila mmoja nyumba tatu alizokwisha kuzihoji, bila tableti. Swali lilikuwa moja tu: "Tulipokuuliza kuhusu maji ya kunywa, ukajibu bomba, wewe ulielewa tunauliza nini?" Kumbe mbinu hii inajulikana vizuri. Ilishika kasi Marekani katika miaka ya 1980, wanasaikolojia na wanatakwimu walipoanza kukaa pamoja kuchunguza namna mtu anavyolielewa swali akilini kabla ya kulijibu. Mimi wakati ule sikujua kama ina jina. Nilijua tu kwamba ninaona haya kurudi.

Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa ya bi mkubwa mmoja. Alikuwa ameketi kibarazani akichambua mchicha. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, akanikaribisha mkekani. Nilipomuuliza juu ya bomba hakunijibu kwa maneno. Alinyoosha mkono ulioshika kisu kuelekea msikitini. Pale ukutani palikuwa na pampu ya mkono, mpini wake umeng'aa kwa kushikwa, na watoto wawili wakiuning'inia kuukandamiza.

"Bomba si lile pale?"

"Na mfereji?"

"Aa, mfereji ni huu." Akanionyesha koki iliyotoka ukutani, kopo la plastiki limefunikwa juu yake. "Huu waja usiku, siku nyingine wakohoa hewa tu mpaka alfajiri."

Kisha akaniuliza kama nina haraka. Nikasema sina. Akaingia ndani, akarudi na vikombe viwili vya bati, akaviweka mkekani mbele yangu. "Onja." Cha kwanza kilikuwa na chumvi, si ya kukutapisha, ila ulimi unaijua. Cha pili kilikuwa kitamu. Cha kwanza ni cha bomba, akasema: cha kufulia, kuoshea vyombo, kupigia deki. Cha pili ni cha mkokoteni, cha kunywa na chai. Nikamuuliza mbona mara ya kwanza alitwambia anakunywa maji ya bomba. "Mwanangu, uliniuliza maji yetu hasa ni yapi. Maji yetu hasa ni hayo. Ya mkokoteni nanunua mtungi mmoja, ya bomba nachota minane."

Akaendelea kunieleza nisichomuuliza. Maharagwe ukiyapika kwa maji ya bomba yanakaa jikoni toka adhuhuri hadi magharibi na bado ni magumu, kwa hiyo maharagwe hupikiwa maji ya kununua, kwa hiyo siku ya maharagwe ni siku ya gharama. Sabuni haitoki povu. Mwanakemia angekwambia hayo ni maji magumu, yenye madini ya chokaa, na kwamba madini hayo ndiyo yanayozuia ganda la maharagwe kulainika. Bi mkubwa alikuwa na elimu ileile, ila aliipima kwa makaa.

Zingatia mambo mawili yaliyotokea pale, kwa sababu watu huyachanganya. La kwanza ni neno. Mtafsiri aliposoma chaguo lililomaanisha maji yanayofika nyumbani kwa mtandao wa mifereji, aliandika "maji ya bomba". Kiswahili hicho ni sanifu, na hata lingetafsiriwa kurudi Kiingereza, kama inavyoshauriwa, lingerudi salama, kwa kuwa mtafsiri wa pili naye angelielewa bomba kama wa kwanza. Lakini bomba ni pampu pia, na katika mitaa ile, iliyo na pampu za mkono kando ya misikiti, hiyo ndiyo maana ya kwanza inayomjia mtu. Maji ya kampuni ni ya mfereji. La pili ni neno dogo zaidi: "kikuu". Wengi waliopima kikuu kwa wingi walitaja pampu. Wachache waliokipima kwa umuhimu walitaja mkokoteni.

Sasa angalia jinsi takwimu zetu zilivyokuwa thabiti. Ungemuuliza bi mkubwa yule swali lile mara kumi, angekujibu bomba mara kumi. Jirani yake vilevile. Tulipojaribu kurudia nyumba chache ili kukagua, majibu yalilingana, tukajipongeza. Watafiti hutenganisha uthabiti wa kipimo na usahihi wake, na wanafunzi wengi hukariri tofauti hiyo bila kuiona. Mizani iliyopotoka kwa robo kilo itakupa jibu lilelile kila asubuhi. Sisi tulikuwa na mizani hiyo mikononi.

Kuna jambo lililozidi kunisumbua. Shirika la Afya Duniani na UNICEF hupima huduma ya maji kwa ngazi zinazotumika duniani kote. Chanzo kilichoboreshwa, kama mfereji au kisima kirefu chenye pampu, kikiwa umbali usiozidi dakika 30 kwenda, kupanga foleni na kurudi, kinahesabiwa huduma ya msingi. Kwa ngazi hiyo, kulichanganya bomba na mfereji kusingebadilisha kitu, maana vyote viwili vinaingia kapu moja, na bi mkubwa angehesabiwa amefikiwa. Ngazi ya juu zaidi inataka maji yawe nyumbani, yapatikane yanapohitajika, na yasiwe na kinyesi wala kemikali zilizopewa kipaumbele, ambazo ni aseniki na floraidi. Chumvi haimo. Jambo ambalo kila mwanamke niliyeongea naye alilitaja kabla sijafungua daftari halina hata ngazi ya kukanyaga. Siulaumu mfumo ule, umetengenezwa kulinganisha nchi na nchi. Lakini ukiuleta Kisauni kama ulivyo, huwezi kulisikia tatizo la Kisauni.

Mtu akiishia hapa atasema basi mazungumzo yameshinda. Nami nilisema hivyo. Nilikuwa na hamasa ya mtu aliyegundua kitu, na hamasa hiyo ikaniingiza katika kosa la upande wa pili.

Msimamizi aliruhusu majadiliano ya vikundi. Mzee wa mtaa alituitia wanawake, wakaja ukumbini alasiri mbili mfululizo, tukakaa duara. Mazungumzo yalikuwa mazuri mno. Mama mmoja alieleza anavyolala sikio likiwa mferejini, akisikia ule mlio wa hewa saa nane za usiku anaamka kutega ndoo kabla wa chumba cha pili hajaamka, na urafiki wao unavyoingia doa kwa ajili ya ndoo mbili. Mwingine alisema mwanawe huenda chuoni amechelewa kwa kungoja mkokoteni. Nilijaza daftari. Na kila mara mmoja alisema, wengine wakiitikia kwa vichwa: "Hapa sote twanunua. Hata ya kufulia."

Nikaandika katika maelezo yangu kwamba wakazi wa eneo lile hutegemea mikokoteni kwa maji yote. Niliamini kabisa. Nilikuwa nimewaona nyuso zao.

Tuliporudi kuhesabu kwa hojaji mpya, haikuwa hivyo. Takwimu zenyewe ni mali ya shirika, sina ruhusa ya kuzitoa, lakini sura yake ninaweza kuieleza. Wanaonunua maji ya kufulia walikuwa sehemu ndogo, na karibu wote waliishi safu chache za nyumba za kupanga mbali na pampu yoyote. Wenye nyumba zao walikuwa na visima uani. Upande wa barabara kubwa kulikuwa na nyumba ambazo mfereji unakuja mara kwa mara, na watu wake hawakuwa na malalamiko makubwa. Nikarudi kwenye orodha ya waliokuja ukumbini. Karibu wote walikuwa wapangaji wa safu zile zile chache, majirani wa mzee wa mtaa. Wenye mfereji hawakuwa na sababu ya kuja kulalamika. Wanaofanya kazi kwenye mahoteli ya Bamburi walikuwa kazini saa ile. Wanaume hawakuitwa kabisa, na wengi wao ndio hulipa bili. Wanawake wale hawakunidanganya hata kidogo. "Sote" yao ilikuwa ya kweli kwa waliokuwa kwenye duara, nami ndiye niliyeitandaza mtaa mzima.

Hapa wanafunzi huniuliza: basi uhoji wangapi ili utosheke? Kwa mazungumzo ya kina jibu halitoki kwenye kanuni kama ile ya 384. Unasimama pale ambapo mahojiano mapya hayaleti jipya. Watafiti Guest, Bunce na Johnson walilichunguza jambo hili kwa mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, na mwaka 2006 wakachapisha kwamba karibu yote yaliyokuwa muhimu yalikuwa yameshajitokeza kufikia mahojiano ya 12. Tangu hapo 12 imekuwa kama 384 ya upande wa pili, watu wanaiandika bila kufikiri. Kumbe waandishi wenyewe walionya kwamba inafaa pale waliohojiwa wanapofanana kimaisha na suala ni finyu. Kisauni ilikuwa na makundi kama manne. Mimi nilihoji kundi moja mpaka nikakinai, nikadhani nimeumaliza mtaa.

Ndiyo maana nikisoma pendekezo siku hizi, siulizi mkabala gani umechaguliwa. Nauliza umeanza na lipi, na la kwanza limekupa nini cha kupeleka kwa la pili. Sisi tulianza na hesabu, tukakimbilia mazungumzo ili kuiokoa, kisha tukakimbilia hesabu tena kuyaokoa mazungumzo. Tungeanza na siku nne za kukaa vibarazani, katika makundi yote manne, tungejua kwamba kuna maji ya bomba, ya mfereji, ya mkokoteni na ya kisima cha uani, na kwamba mtu mmoja hutumia aina tatu kwa siku moja. Hapo ndipo tungeandika hojaji, tukaijaribu, tukahesabu mara moja. Gharama ya siku nne hizo ni ndogo mno ukilinganisha na 384 uliyoirudia. Kwa utafiti mwingine mpangilio huo unaweza kugeuzwa. Ukiwa tayari una takwimu unazoziamini na zimekuonyesha jambo usilolielewa, mathalani kwa nini nyumba zilizo karibu na mfereji bado zinanunua mkokoteni, unatoka na takwimu unakwenda kuuliza. Sharti ni uwe na sababu ya kuziamini.

Hojaji ya pili haikuwa na neno kaya wala bomba peke yake. Swali la chanzo kikuu tulilivunja. Tuliuliza maji ya kunywa, ya kupikia, ya kufulia na ya kuogea kila moja mbali, na kwa kila moja mtu aliruhusiwa majibu zaidi ya moja. Pampu tuliiita bomba la mkono, mfereji tukauita mfereji. Tulikubaliana hakuna atakayegeuza hata neno moja, na likimshinda mtu aandike.

Nilirudi kwa bi mkubwa mara ya tatu, si kwa bahati nasibu, kumwonyesha tulichofanya. Nilimsomea taratibu. Kunywa: mkokoteni. Kupikia: mkokoteni, na bomba la mkono siku ya wali. Kufulia: bomba la mkono. Kuogea: bomba la mkono, na mfereji ukija. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatingisha kichwa kuridhika, kisha akauliza:

"Na ya kutawadhia, mbona hamuulizi?"

Mara tano kwa siku, katika mtaa ambao pampu zake nyingi zimechimbwa kama sadaka ukutani mwa misikiti. Nikateremka hadi chini kabisa ya ukurasa, kwenye nafasi ya mengineyo, nikaanza kuandika.